KUFUNDISHA JINSI KOMPYUTA MOJA INAVYOFANYA KAZI YA NYINGI
Seva pepe na programu huria katika biashara

Utangulizi

Mwalimu anayekusudia kufundisha jambo jipya hana budi kujiuliza kwanza maswali mawili. Je, mimi mwenyewe nimelielewa? Na je, mtoto analo jambo gani analolijua tayari, ambalo laweza kuwa ngazi ya kulifikia hili jipya? Aghalabu maswali haya husahauliwa katika somo la TEHAMA. Watoto hukaririshwa majina ya sehemu za kompyuta, na mwalimu akadhani kazi imekwisha. Matokeo yake mtoto hutaja "prosesa" na "kumbukumbu" kama kasuku, lakini akisikia kwamba duka la mjomba wake lilifungwa siku mbili kwa sababu "seva imekufa", hana la kueleza wala la kuuliza.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kufundisha jambo moja tu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi: namna biashara inavyoweza kuigawa kompyuta moja ikafanya kazi za kompyuta kadhaa, kwa kutumia programu huria, na hatari zilizomo katika kufanya hivyo. Zana zinazohitajika ni kadi, uzi na daftari. Hata shule isiyo na umeme yaweza kulifundisha somo hili.

Maana ya seva pepe

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Tuchukue mfano wa duka la jumla linalouza vifaa vya ujenzi. Duka hili lina kazi tatu: mauzo na stoo, hesabu na mishahara, barua na hati. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kuipa kila kazi seva yake, kwa kuwa programu nyingi zikikaa pamoja, moja ikiharibika huweza kuzivuruga nyingine. Desturi hiyo ilikuwa na gharama yake: sehemu kubwa ya siku seva hizo hazikuwa na kazi ya kutosha, lakini ziliendelea kula umeme na kutoa joto.

Dawa yake ni programu iitwayo haipavaiza. Programu hii huusimamia mwili mzima wa seva, yaani prosesa, kumbukumbu na diski, na kuugawa baina ya kompyuta kadhaa zisizo na mwili. Kompyuta hizo ndizo tunazoziita kompyuta pepe. Kila moja huwa na mfumo endeshi wake na programu zake, nazo hufanya kazi kana kwamba zimekaa peke yao katika mashine nzima. Moja ikianguka, jirani zake huendelea.

Chanzo chake

Ni kosa kumwambia mtoto kwamba jambo hili limezuka jana. Kampuni ya IBM ya Marekani ililifanyia majaribio katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa kompyuta zake kubwa. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, walieleza masharti matatu ya kazi hii. Kwanza, programu iliyomo ndani ya kompyuta pepe itende kama ambavyo ingetenda katika kompyuta halisi. Pili, msimamizi awe na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote. Tatu, maagizo mengi yatekelezwe na prosesa moja kwa moja, bila msimamizi kuyaingilia.

Kompyuta ndogo zilizokuja kuenea madukani na maofisini hazikuyatimiza masharti hayo kwa urahisi, kwa sababu baadhi ya maagizo ya prosesa zao hayakukubali kusimamiwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliishinda shida hiyo kwa njia ya programu. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilitoa Xen, haipavaiza ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Mwaka 2005 na 2006 watengenezaji wa prosesa, Intel na AMD, waliingiza msaada wa kazi hii ndani ya prosesa zenyewe. Tangu hapo mambo yalikwenda mbio: mwaka 2007 programu iitwayo KVM iliingizwa katika kiini cha Linux, na mwaka 2008 kampuni moja ya mjini Vienna, Austria, ikatoa Proxmox VE, ambayo huiweka KVM chini ya ukurasa mmoja wa usimamizi ili fundi wa kawaida aweze kuitumia.

Ngazi ya kumfikisha mtoto

Shule nyingi zenye vyumba vichache husomesha kwa zamu. Darasa moja hukitumia chumba asubuhi, jingine mchana. Kila darasa hukiona chumba kuwa chake, na ubao kuwa wake. Anayeliwezesha jambo hilo ni mwalimu mkuu na ratiba yake.

Anza somo hapo. Waulize watoto: "Chumba ni kimoja. Mbona madarasa ni mawili?" Waache wajibu wenyewe mpaka wafikie ratiba. Kisha uwaambie kwamba chumba ni seva, madarasa ni kompyuta pepe, na mwalimu mkuu ndiye haipavaiza. Yale masharti matatu sasa yatakuwa mepesi. Darasa la mchana lipate somo kamili sawa na la asubuhi. Mwalimu mkuu peke yake ndiye mwenye kuibadili ratiba. Naye asiingie darasani kila dakika, maana hapo hakuna litakalosomwa.

Lakini kila mfano una mpaka wake, na mwalimu mwaminifu huuonyesha mpaka huo. Madarasa hupokezana chumba mara moja kwa siku. Kompyuta pepe hupokezana prosesa mara nyingi sana katika sekunde moja. Kumbukumbu nayo haipokezanwi hivyo: kwa kawaida kila kompyuta pepe hupewa fungu lake, kama madarasa mawili yaliyomo ndani ya chumba kimoja kwa wakati mmoja, kila moja na madawati yake. Usipousema mpaka huu, mtoto ataubeba mfano kama ndio jambo lenyewe.

Huria si bure

Hapa pana kosa ambalo hata watu wazima hulifanya. Programu huria si lazima iwe programu ya bure. Uhuru unaotajwa ni wa mtumiaji: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuyachunguza maandishi yake, kuibadili, na kuwagawia wengine. Linux, pamoja na KVM iliyomo ndani yake, hutolewa kwa leseni ya namna hiyo, na Proxmox VE vivyo hivyo.

Umuhimu wa uhuru huo kwa mfanyabiashara ulionekana waziwazi hivi karibuni. Mwezi Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware. Mwezi uliofuata ilitangaza kwamba leseni za kudumu hazitauzwa tena. Wateja watalipa kwa vipindi. Kampuni nyingi zilizokuwa zimejenga kazi zao zote juu ya programu hiyo zilijikuta zikipiga hesabu upya, na baadhi zikageukia programu huria. Hatusemi kwamba muuzaji hana haki ya kubadili bei ya bidhaa yake. Tunasema kwamba mwenye duka lazima ajue ni nani aliyeshika ufunguo wa mlango wake. Nakala aliyoipata kwa leseni huria haifungwi kesho kwa sababu tu kampuni imepata mwenyewe mpya.

Lakini mizani ina pande mbili. Anayetumia programu huria bila kulipia msaada lazima awe na mtu anayeijua kazi: atakayeweka masahihisho ya usalama kwa wakati, na atakayeamka usiku seva ikizimika. Kampuni ya Proxmox yenyewe hujipatia riziki kwa kuuza msaada, ikitoza kwa mwaka kulingana na idadi ya prosesa zilizomo katika seva. Duka lisilo na fundi wala mkataba wa msaada halikuokoa fedha. Limeahirisha gharama tu.

Mchezo wa kura

Tumesema kwamba kompyuta pepe moja ikianguka jirani zake huendelea. Je, seva yenyewe ikiungua? Zote huanguka pamoja. Kwa sababu hiyo biashara yenye busara huunganisha seva kadhaa, ili moja ikifa, kompyuta pepe zilizokuwamo ziwashwe tena katika zilizobaki, mradi diski zake zimehifadhiwe mahali panapofikiwa na seva hizo. Hapo ndipo tatizo gumu linapozuka, nalo hufundishika vizuri kwa mchezo.

Wakalishe watoto wawili mbalimbali, wameshika ncha mbili za uzi mmoja. Kila mmoja ni seva. Waambie kwamba stoo ina mifuko 10 ya saruji, na kila mauzo lazima yatangazwe kwa mwenzake kwa kuuvuta uzi. Sasa ukate uzi. Kila mmoja atadhani mwenzake amekufa, na kila mmoja atajiona kuwa ndiye mrithi wa daftari. Wa kwanza akauza mifuko 8, wa pili akauza 7. Imeuzwa mifuko 15 katika stoo yenye 10! Nani atampa mteja wa mwisho mzigo alioulipia? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa tumeona kwamba daftari lenye waandishi wawili wasioonana nalo ni hasara.

Kisha uongeze mtoto wa tatu, uwaunganishe wote kwa uzi, na uweke sheria: anayeruhusiwa kuandika ni yule tu aliye upande wenye kura zaidi ya nusu. Ukate tena uzi wa mmoja. Wawili waliobaki pamoja wana kura 2 kati ya 3, nao wataendelea. Aliyetengwa ana kura 1, naye atajizuia hata kama yu mzima. Rudia na watoto wawili: kila mmoja ana kura 1 kati ya 2, ambayo si zaidi ya nusu, na wote watasimama. Watoto watakuwa wamegundua wenyewe kwa nini Proxmox VE huhitaji kura tatu ili kustahimili kifo cha seva moja.

Hesabu inayodanganya

Somo hili laweza kuunganishwa na Hisabati. Tarakimu zifuatazo zimechaguliwa kwa ajili ya zoezi. Duka lina seva 3, kila moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64. Gigabaiti 8 katika kila seva zimeachwa kwa ajili ya msimamizi. Kila seva imebakiwa na 56. Kazi tatu za duka zinahitaji gigabaiti 40, 40 na 20, jumla 100. Seva moja ikifa, zilizobaki zina 56 mara 2, yaani 112. Je, kazi zote zitatosha?

Watoto wengi watajibu kwamba 112 ni zaidi ya 100, basi zitatosha. Waambie wazipange kwa kadi. Kazi ya 40 katika seva ya kwanza inaacha 16. Kazi ya pili ya 40 katika seva ya pili inaacha 16. Kazi ya 20 haina pa kukaa, kwa kuwa kompyuta pepe moja haikatwi vipande ikawekwa katika seva mbili. Jumla ilikuwa sahihi, jibu halikuwa sahihi. Mtoto aliyeyaona haya kwa mikono yake amejifunza TEHAMA na Hisabati kwa pamoja.

Nakala rudufu

Usifunge somo kabla ya kutaja nakala. Haipavaiza huweza kuihifadhi hali ya kompyuta pepe kama ilivyo wakati fulani, ili fundi aweze kurudi nyuma akikosea. Hali hiyo aghalabu hukaa katika hifadhi ile ile. Hifadhi ikiungua, nayo imekwenda. Kwa hiyo hiyo si nakala rudufu. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni hii: nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya jengo. Tena nakala ijaribiwe kwa kurudishwa. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Hitimisho

Yamkini wengi wa watoto wetu hawatakuwa mafundi wa seva. Lakini watakuwa wenye maduka, makarani, wanachama wa vyama vya ushirika na wazazi. Mishahara yao, madeni yao na akiba zao zitaandikwa katika mashine za namna hii. Raia anayejua kuuliza "Nakala iko wapi?" na "Ufunguo ameshika nani?" hapotezi haki yake kwa urahisi. Kumzoeza mtoto kuuliza hivyo ndiyo shabaha ya somo hili.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Taja mfano mwingine kutoka katika maisha ya watoto wa shule uliyofanyia mazoezi ambao ungefaa badala ya shule ya zamu. Mpaka wake ni upi?
2. Mwenye duka anakuambia: "Nimechukua programu huria, sasa sina gharama." Utamjibuje kwa maneno ambayo mtoto pia angeyaelewa?
3. Katika zoezi la kumbukumbu, pendekeza njia mbili za kuliwezesha duka kuendelea na kazi zote seva moja ikifa.
4. Andika andalio la kipindi kimoja juu ya mchezo wa kura, ukionyesha swali utakaloliuliza kabla ya kuukata uzi na lile utakaloliuliza baada ya hapo.