Kadoni na Majira ya Jalidi
Kadoni, mmea wa jenasi moja na artichoki unaoliwa vikonyo vyake vinene vya majani, hautaki pupa, kwa kuwa miche yake michanga huunguzwa na jalidi, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya mimea halijoto ya usiku inaposhuka hadi nyuzi 0 za Selsiasi. Ndiyo maana wakulima wa Nizza Monferrato, kaskazini-magharibi mwa Italia, huziweka mbegu ardhini mwezi Mei, jalidi ya mwisho ikiwa imekwisha kupita. Ifikapo Septemba huiinamisha mimea na kuifukia kwa udongo, kazi isiyo na huruma kwa viuno, nayo, ikiutafuta mwanga, hupinda, hupauka na kupungukiwa uchungu, hata ikavunwa kuanzia Oktoba.