Field Marshal, Sir, Lord: Hizi AKA za Wasee wa Mlima Zilitoka Wapi?

Ukiwa Kiriaini wikendi, hebu cheki yule jamaa wa mugithi anayechapa gitaa kwa klabu. Kofia ya kauboi, buti ndefu, mshipi uko na chuma kubwa kama sahani. Ukimwangalia utadhani amefuga ng'ombe elfu moja huko Texas. Sasa mfuate kwao asubuhi. Utapata kashamba ka majani chai na ng'ombe mmoja wa zero-grazing anangoja kukamuliwa na mathee. Na bado hakuna mtu kwa hiyo klabu amewahi kumwambia, "Buda, wewe ni mwongo."

Hawamwambii kwa sababu hakuna aliyelipa kuona ukweli. Walilipa kuona kauboi. Hiyo ndiyo siri ya showbiz tangu zamani: msanii anatengeneza mtu mwingine, anamvaa, anapanda naye stejini. Swali ni moja tu: huyo mtu wa kutengenezwa anabeba nini? Kama habebi kitu, msimu ukiisha naye anaisha.

Na kama unadhani AKA zililetwa mlimani na Marekani, rudi nyuma kidogo mpaka miaka ya 1950, msituni.

Waruhiu Itote, kijana wa Nyeri aliyepigana Burma akiwa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliingia msitu wa Mlima Kenya akawa General China. Dedan Kimathi wa Tetu, ambaye alikuwa amefanya kazi ya ukarani na ualimu, akawa Field Marshal, na hata akajiongezea "Sir" mbele ya jina. Nani aliwapa hivyo vyeo? Walijipa. Hakukuwa na chuo cha kijeshi huko Aberdare, na malkia hakuwa anatuma medali kwa Mau Mau!

Lakini hayo majina yalikuwa na kazi. Mkoloni akisikia "General China" hajui moja kwa moja ni mtoto wa nani na kijiji gani cha kuchoma. Na kijana mwenye bunduki ya kujitengenezea kwa bomba la maji, akiambiwa anaongozwa na Jenerali, anasimama tofauti. Walichukua vyeo vya adui wakavivaa wenyewe. Manze, hiyo si kiki. Ukishikwa na hilo jina, unaweza kunyongwa. Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 1957.

Pale pale msituni kulikuwa na dem mmoja wa Nyeri, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefika cheo cha Field Marshal. Yeye "lebo" yake ilikuwa nywele. Alitoka msituni na dredi, akasema hanyoi mpaka aone matunda ya uhuru aliopigania. Akakaa nazo karibu miaka 70. Wasanii wangapi wa siku hizi wanaweza kukaa na mtindo mmoja hata miaka miwili? Zilinyolewa Aprili 2022 na Mama Ngina Kenyatta, na mtandaoni watu wakagawanyika: wengine waliona heshima, wengine wakauliza kama kweli hayo matunda yamefika. Alifariki Septemba 2023.

Sasa unganisha hiyo na jukwaa la leo. Kuna msee wa Nakuru anaitwa Martin Kanja. Mwaka wa 2020, yeye na Sam Karugu, wakiwa bendi ya Duma, walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni metal ya kasi, mayowe na kelele za mashine. Jina lenyewe linatokana na neno la Kikuyu la giza. Stejini Kanja anaitwa Lord Spikeheart. Ukisikia hilo jina pekee yake unaweza kucheka, linakaa la katuni. Lakini Kanja anajitambulisha kama kitukuu wa Muthoni, na albamu yake ya 2024, The Adept, ameifunga na hiyo historia. Ukishajua hivyo, hayo mayowe unayasikia vingine. "Lord" anafanya kile "Field Marshal" walifanya: anajipa cheo ambacho hakuna ofisi ingempa.

Upande wa pili wa hii stori ni kuvua vazi, na hapo ndipo kuna noma.

Joseph Kamaru alizaliwa 1939 Kangema, jirani kabisa na Kiriaini. Hakuhitaji AKA, alitumia jina lake, lakini usidanganyike kwamba hakuwa na mhusika. Alijijenga kama mzee wa kijiji mwenye gitaa, anayeongea kwa methali na haogopi mtu. Ndari ya Mwarimu, kuhusu walimu wanaonyemelea wanafunzi wao wasichana, iliwachoma walimu mpaka wakatishia kugoma. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwimbia wakati wengi walikuwa wamefunga mdomo.

Alafu 1993 akatangaza ameokoka. Akavunja Kamaru Super Stars, akaanzisha kwaya. Mashabiki walichanganyikiwa, na nyimbo za injili hazikuuza kama zile za kwanza. David Bowie alifanya kitu karibu na hicho London, Julai 3, 1973: alimuua Ziggy Stardust, mhusika wake, mbele ya watu. Lakini Bowie aliua mask, uso wake ukabaki na akaendelea na mwingine. Kamaru mask yake ilikuwa ni jina lake na sura yake. Unavua vipi hiyo? Kwa mashabiki, yule mzee wa methali ndiye alikuwa Kamaru, na hawakuomba mwingine. Mimi naona hapo ndipo jina lako halisi lina hatari kuliko AKA. AKA unaweza kuizika na wewe ubaki hai.

Alifariki Oktoba 2018. Lakini jina halikuzikwa. Mjukuu wake, aliyepewa pia jina Joseph Kamaru, alizaliwa Nairobi 1997, na yeye ni msanii wa sauti za kielektroniki. Angeweza kula doo ya jina la guka bila kutoa jasho. Badala yake alitoa A zote mbili, akabaki KMRU. Hana methali wala gitaa. Anarekodi mazingira na kuyageuza muziki mrefu, mtulivu, usio na maneno. Albamu yake Peel ilitoka 2020, na pembeni amekuwa akitoa tena nyimbo za guka wake zisipotee.

Kwa hivyo ukitafuta Kamaru kwa simu leo utapata wawili, mmoja na A zake, mwingine bila. Anza na Ndari ya Mwarimu, alafu uweke Peel usiku ukiwa na earphone. Na kama Kikuyu chako ni cha kuombea maji tu, pigia shosho simu akutafsirie hiyo ya kwanza. Atakuambia na mengine ambayo hayako kwa wimbo.