Fahamu: Mgongo wa mchuma chai hulipwaje?
Novemba 2023, mahakama ya Edinburgh, Uskoti, ilisimamisha kesi ya wachuma chai wa Kericho waliodai kuwa kazi kwenye mashamba ya James Finlay iliwaumiza migongo. Waanzie nyumbani kwanza, ilisema, kwa sheria ya Kenya ya fidia kazini, WIBA ya 2007.

Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Ukiwa wa sehemu, daktari hukadiria asilimia: anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akipewa asilimia 10, hulipwa 144,000. Kidole kilichokatika huonekana. Mgongo unaochakaa polepole hutegemea mno kalamu ya daktari.

Uliumia kwa ajali? Dai kabla ya miezi 12 kwisha.