Kupiga Mpira wa Gofu: Kazi ya Miguu na Nyonga

Leo nataka kuwaelezeni habari ya mchezo ambao wengi wetu twauona kwa mbali tu, tupitapo kando ya uwanja wa Gymkhana hapa Dar es Salaam. Nao ni gofu. Sisemi ili kuwavuta mwucheze, maana fimbo zake ni ghali. Nasema kwa kuwa ndani yake mna elimu ya mwili, nayo yamfaa hata mtu asiyeshika fimbo maisha yake yote.

Namjua kijana mmoja, hamali wa Kariakoo. (Jina la mtaa huo, kama mjuavyo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, mtaa ulipata jina kwa mizigo, na mpaka leo waishi kwa mizigo.) Kijana huyu huweka gunia begani akapita katikati ya watu pasipo kuyumba. Jumapili moja rafiki yake aliye kedi, yaani mchukuzi wa mfuko wa fimbo, alimpa fimbo kuukuu ajaribu katika kiwanja kitupu. Akakaza mikono, akapiga kwa nguvu zake zote: akachimba ardhi. Akarudia, akapiga hewa. Ndipo mzee mmoja mwembamba, aliyekuwa kedi zamani, akaitwaa fimbo, na mpira ukaruka hata mwisho wa kiwanja. Kijana akaona haya, akazidisha nguvu. Kesho yake kiuno kilimshika, asiweze kuinua mzigo siku nne. Na hamali asiyeinua mzigo hana posho.

Kosa lilikuwa wapi? Mpira wa gofu hauzidi gramu 46, na kichwa cha fimbo huugusa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda mfupi namna hiyo kusukuma hakufai kitu. Kifaacho ni mwendo ambao fimbo imekwisha kuupata kabla ya kugusa. Na mwendo huo huanzia chini: nyayo hukanyaga ardhi, nyonga hugeuka, kifua hufuata, kisha mikono, na fimbo mwisho wa yote. Mtazameni mvuvi arushaye kimia ufuoni. Hujipinda kwanza, uzito ukalala mguu mmoja, halafu huugeuza mwili mzima, na kimia hufunguka kama mwavuli. Akirusha kwa mikono tu, huanguka fundo moja.

Mchezaji mzoefu ainuapo fimbo nyuma, mabega yake hugeuka yapata nyuzi 90, na nyonga karibu nusu yake. Hapa ndipo maumivu yanapoingia. Pingili tano za kiunoni hazikuumbwa kwa kuzunguka. Zote pamoja hugeuka nyuzi chache tu. Vya kugeuka ni viungo vya nyonga na pingili za kifuani. Hivyo vikikazwa, mwili hutafuta mzunguko kiunoni kwa nguvu. Kijana wetu alisimika miguu kama nguzo, basi kiuno kikalipa.

Tena kuna mizani ya mwili. Apigaye kwa mkono wa kulia huhamisha uzito kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na humaliza amesimama juu ya huo wa kushoto. Akiyumba njiani, fimbo hupita juu ya mpira au huchimba udongo. Mizani hiyo hulindwa na macho, na hisi za nyayo na misuli, na mifereji mitatu midogo iliyo ndani ya kila sikio.

Ajabu ni kwamba kijana alikuwa nayo. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza vipimo vya wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, wabebao mizigo: mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu kuliko kutembea mikono mitupu. Mwili uliozoea una hesabu zake. Lakini aliposhika fimbo, hamali wetu alisahau ayajuayo.

Kiuno kilipopoa, mzee alimnyima mpira. Alimwagiza asimame juu ya mguu wa kushoto, mikono kifuani, ageuze nyonga polepole huku na huku mara kumi. Siku ya kwanza alianguka mara tatu, watoto wakacheka. Nanyi jaribuni kusimama hivyo karibu na ukuta, kwanza macho wazi, kisha mkiyafumba. Mtausikia wayo ukianza kuhangaika.