SINIA MOJA KWA WOTE: TUBADILI CHAKULA CHA NYUMBA, SI CHA MGONJWA PEKE YAKE

 

Ndugu wasomaji, liko jambo ambalo limekuwa la kawaida katika nyumba zetu, na huonekana zaidi siku kama ya leo. Watu wamerudi kutoka swala ya Ijumaa, mkeka umetandikwa, sinia la pilau limewekwa katikati na familia imelizunguka. Mzee wa nyumba, ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Bismillahi, ameketi kando juu ya kiti. Mbele yake kipo kibakuli kilichofunikwa, ndani yake ndizi za kuchemsha na mchicha usio na chumvi. Mgeni akiuliza, hujibiwa kwa sauti ya chini: "Hicho ni cha baba, ana sukari." Wanawe wanakula pilau inayong'aa mafuta na kushushia kwa soda, naye anawatazama. Usiku, wenzake wakilala, huingia jikoni akakomba ukoko wa sufuria.

Sisi hatumlaumu mzee huyo. Tunadhani kosa lilianza pale alipotengwa.

Imepokelewa katika vitabu vya Abu Daud na Ibn Majah kwamba maswahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula wala hawashibi. Akawauliza kama huenda wanakula mbalimbali, nao wakakiri. Akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Allah, wapate kubarikiwa. Basi itakuwaje sisi tumpe mzazi wetu baraka ya peke yake?

Tena liko kosa la pili, nalo ni la kiafya. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari cha ukubwani au shinikizo la damu hakitofautiani sana na kile kinachomfaa mtu mzima wa afya. Kisukari cha aina hiyo huelekea kufuata ukoo, hivyo watoto waliolizunguka sinia ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kujihadhari. Tunampikia chakula salama yule ambaye maradhi yamekwisha kumfika, na tunawapikia waliobaki kile kitakachowafikisha huko.

Tuanze na ugali, maana ndio unaoliwa siku nyingi kuliko pilau. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, huondolewa ganda na kiini, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Kinachobaki zaidi ni wanga. Dona husagwa na vyote hivyo. Wako wanaoiona dona kuwa chakula cha shuleni au cha wasio na uwezo, na mgeni akija hufichwa. Hao tunawakumbusha habari iliyomo katika Sahihi Bukhari: Sahl bin Saad (R.A.) aliulizwa kama Mtume (S.A.W.) alipata kula mkate wa unga mweupe safi. Alieleza kwamba hakuuona unga huo tangu alipotumwa mpaka alipofishwa, wala hawakuwa na chekeche. Shayiri yao waliisaga, wakaipuliza, makapi yakaruka yaliyoruka, na yaliyobaki wakayakandia. Nani basi atakayeona haya kula unga usiochekechwa?

Hata hivyo dona ina masharti yake. Kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha mapema; usisagishe gunia zima, sagisha wa wiki mbili au tatu. Mahindi yawe yamekauka vyema, na punje zenye ukungu, zilizooza au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Wala dona si dawa: mlima wa ugali wa dona bado ni mlima wa wanga.

Na pilau? Hatusemi iachwe, hasa Ijumaa. Tunasema sinia lipangwe upya. Nusu yake iwe kachumbari, mchicha, bamia au kisamvu. Robo iwe kunde, choroko, samaki au kuku aliyeondolewa ngozi. Wali uchukue robo iliyobaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Mwenye kupika mchuzi wa nazi atumie tui jepesi, na lile la kwanza alitie kidogo tu mwishoni ili harufu ipatikane. Mihogo na viazi vitamu vya asubuhi vichemshwe badala ya kukaangwa, na chapati ikandwe kwa unga wa atta, ipakwe mafuta badala ya kuogeshwa.

Chumvi nayo ina hila zake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika mkate na katika viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari hufanya kazi nzuri mahali pake, na watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hilo.

Kinachotutia hofu zaidi ni vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 mara nyingi huwa na sukari inayofikia gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, na mtoto huimaliza kabla wali haujapoa. Juisi iliyotiwa sukari haiko mbali nayo. Maji yenye kipande cha ndimu yawekwe mezani, na chungwa liliwe kama chungwa. Katika chai, anayetia vijiko vitatu ashuke hadi viwili, kisha kimoja, huku iliki na mdalasini vikiongezwa.

Mgonjwa anayetumia vidonge vya kushusha sukari au sindano ya insulini azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa sukari ikishuka kupita kiasi ni hatari ya papo hapo.

Wala mzigo huu usiachiwe mama jikoni. Mara nyingi baba ndiye arudiye na kreti ya soda, na ndiye aombaye chumvi kabla hajaonja. Nyumba itakayoogopa mabadiliko ya ghafla ichanganye dona na sembe nusu kwa nusu kwa majuma mawili ya kwanza. Watoto watanung'unika siku ya kwanza na ya pili. Na Ijumaa ijayo, kile kibakuli kilichofunikwa kibaki kabatini, naye mzee aitwe mkekani aanze kwa Bismillahi.