Kufundisha Istilahi za Hadithi katika Shule ya Msingi

Wanachuo wengi wanapokwenda mazoezi ya kufundisha huanza somo la hadithi kwa kuandika ubaoni maana za istilahi. Watoto huzinakili na kuzikariri, lakini hawawezi kuzitumia. Katika makala haya tutaeleza utaratibu mwingine: hadithi itangulie, swali lifuate, istilahi ije mwisho.

Tuchukue mfano wa Malambo, wilayani Ngorongoro. Huko watoto wengi huzungumza Kimaasai nyumbani. Mtoto anayeanza shule halijui neno "dhamira", lakini amekwisha kusikia hadithi za wazee wake. Anachohitaji kwetu ni majina ya mambo anayoyafahamu.

Miongoni mwa hadithi za Wamaasai imo ile ya Leeyo, iliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1905. Naiterukop alimwagiza Leeyo kwamba mtoto akifa, wakati wa kuutupa mwili aseme binadamu afe na kurudi, bali mwezi ufe usirudi. Punde mtoto akafa. Kwa kuwa hakuwa wake, Leeyo aliyageuza maneno: mwezi urudi, binadamu asirudi. Kisha akafa mtoto wake mwenyewe. Sasa Leeyo alisema kama alivyoagizwa, lakini Naiterukop akamjibu kuwa haifai tena, kwani alikwisha kuliharibu jambo kwa yule mtoto wa kwanza.

Baada ya kusimulia, mwalimu aulize:

1. Ni nani wamo? Hao ni wahusika. Leeyo ni mhusika mkuu, kwa kuwa uamuzi wake ndio unaoiendesha hadithi.

2. Mambo yanatokea wapi na lini? Hiyo ni mandhari. Hapa ni zamani za mwanzo, kabla kifo hakijawa cha milele.

3. Jambo gani limesababisha jingine? Huo ni msuko. Hapa mwalimu asifanye haraka. "Mtoto alikufa, kisha akafa mwingine" ni orodha ya matukio tu. "Leeyo alimpoteza mwanawe kwa sababu aliyageuza maneno juu ya mtoto wa mwenziwe" ni msuko. Mtoto anayetumia "kwa sababu" mahali pake ameelewa.

4. Nini kinapingana na nini? Huo ni mgogoro: agizo la Naiterukop linapingana na ubinafsi wa Leeyo. Mgogoro unapofikia upeo wake, Leeyo anaposema maneno sahihi yasiyofaa kitu tena, hicho ni kilele.

5. Hadithi inahusu nini, nayo inatufunza nini? Jibu la kwanza ni dhamira: ubinafsi na asili ya kifo. Jibu la pili ni ujumbe: anayempuuza mtoto wa mwenziwe hujidhuru mwenyewe.

Maswali manne ya kwanza yanahusu hasa fani, yaani namna hadithi ilivyojengwa. La tano linahusu maudhui, yaani yale inayoyasema.

Mwalimu azingatie mambo mawili. Mtoto akikwama katika Kiswahili, mwenzake amsaidie kueleza, kwani kukosa neno si kukosa fikra. Tena, ikiwa darasani yumo mtoto aliyefiwa karibuni, ichaguliwe hadithi nyingine.

Ili kupima somo, kila mtoto aombwe hadithi moja kutoka nyumbani. Akiisimulia na kutuonyesha kilele chake, istilahi imekuwa mali yake.