Presha ya Jicho Kabla ya Kisu

Mbwa anayefuata ng'ombe kwenye nyanda za Marungu, kule Pepa, huumia jicho kwa pembe, kwa mwiba, kwa kucha za mbwa mwenzake. Jeraha likiingia kwenye konea, yaani kioo cha mbele, mwenye mbwa huogopa kisu cha daktari. Mimi huogopa zaidi zile dakika za kumtuliza mnyama.

Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kuchujwa nje bila kukoma. Presha yake kwa mbwa mzima huwa kati ya milimita 10 na 25 za zebaki, takriban. Ikipanda ghafla katika jicho zima, mara nyingi hupita tu. Katika jicho lililotoboka ni kuminya embe bivu lenye ufa: vya ndani hutoka nje, na hapo hata mshonaji hodari hana la kuokoa.

Vijijini dawa zinazopatikana kwa urahisi ni ketamini na zailazini. Ketamini ikichomwa peke yake hukaza misuli inayoshika jicho, na presha hupanda. Kuiongezea diazepamu hulegeza misuli, ila si dhamana. Zailazini hutuliza vizuri, lakini mbwa wengi hutapika, na kila anapojikamua damu hujaa kwenye mishipa ya kichwa na jicho likabanwa kwa ndani. Mofini nayo hutapisha. Ndiyo maana kwa jicho lililojeruhiwa huchaguliwa butofanoli, au asepromazini inayotangulia mofini kwa robo saa ili kupunguza kutapika. Lakini asepromazini hushusha presha ya damu, kwa hiyo haimfai mbwa aliyetokwa na damu nyingi. Hata propofoli, inayosifiwa kwenye kliniki za mijini, inaweza kuipandisha presha ya jicho. Kikohozi mpira wa kupumulia unapopitishwa kooni huipandisha pia.

Kuna vifaa vya kuipima presha ya jicho, kikiwemo kile cha Schiøtz cha mwaka 1905 kinachowekwa juu ya konea. Jicho lililotoboka halipimwi hivyo. Haliguswi kabisa.

Kuna jambo lisilohitaji sindano: kamba. Mbwa anayevuta huku amefungwa shingoni hupandisha presha ya macho. Akifungwa kifuani haipandi hivyo. Anayempakia mbwa aliyeumia kwenye pikipiki kuteremka mjini Moba kwa matibabu amfunge kifuani, kichwa kisiinamishwe, na asimlishe njiani.